Imeingia, Lakini Haionyeshi

Projekta inawaka, kompyuta inawaka, waya umekaa sawasawa pande zote mbili, na ukutani hakuna kitu ila mstatili wa buluu. Semina inaanza baada ya dakika 20. Mwezeshaji, mama mtu mzima aliyefika alfajiri kwa basi, ananitazama mimi, kwa sababu kwenye ukumbi ule mimi ndiye ninayeitwa vitu vikigoma.

"Fundi, mbona kijana wa dukani jana aliniapia kwamba huu unaingia kila mahali?"

"Umeingia, mama. Ila hauonyeshi."

Alicheka kidogo, cheko la mtu ambaye hana muda wa mzaha. Lakini sikuwa natania. Mkanganyiko karibu wote wa nyaya za skrini umelala hapo, kati ya kuingia na kuonyesha. Sisi wanunuzi hutazama kichwa cha waya, kikitosha kwenye tundu tunahesabu kazi imekwisha. Kumbe umbo la kichwa ni jambo moja, lugha inayopita ndani ya waya ni jambo lingine kabisa, na hata lugha ikiwa ni ileile, bado kuna swali la kasi.

Waya wa mama ulikuwa na kichwa cha HDMI, kile bapa cha televisheni za leo, upande wa kompyuta, na kichwa cha VGA, kile cha zamani chenye pini 15, upande wa projekta, katikati mpira mtupu. Projekta yetu ilikuwa na tundu la HDMI pia, lakini lilikwishakufa siku nyingi, hivyo wote wanaokuja hupitia VGA. Kueleza kwa nini waya ule usingefanya kazi hata ungeachwa pale mwaka mzima, inabidi nianze na televisheni ya chogo.

Kampuni ya IBM ilitoa VGA mwaka 1987, pamoja na kompyuta zake za PS/2. Skrini za mezani za siku zile zilikuwa na chogo, na ndani ya chogo kulikuwa na kifaa kinachorusha mwale wa elektroni kwenye kioo, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, juu hadi chini, kisha tena juu, mara 60 au zaidi kila sekunde. Kazi ya VGA ilikuwa kuuendesha mwale huo. Nyaya tatu zilibeba rangi, yaani nyekundu, kijani na buluu, na umeme katika kila mmoja ulicheza kati ya sifuri na volti 0.7. Volti zikipanda rangi inang'aa, zikishuka inafifia, na hapo katikati kila kiwango kinaruhusiwa. Hiyo ndiyo analojia. Nyaya mbili nyingine zilipiga kipenga: mmoja kusema mstari umekwisha, rudi kushoto, mwingine kusema picha imekwisha, rudi juu.

Sasa, mwale haurudi juu kwa kufumba na kufumbua. Unahitaji muda wa kujipanga. Kwa hiyo katika mpango wa VGA wa pikseli (vitone vinavyounda picha) 640 kwa 480, mistari unayoiona ni 480, lakini mistari inayohesabiwa ni 525. Ile 45 iliyozidi ni ya kimya, nyaya za rangi hazisemi kitu, mwale unapanda. Kishike kimya hicho, maana kitarudi mara mbili kabla sijamaliza.

Kuna uzuri mmoja wa VGA ambao nyaya za leo hazina: ugonjwa wake unauona kwa macho. Tulipopata picha hatimaye siku ile (nitaeleza jinsi tulivyoipata), ukuta mzima ulikuwa wa manjano. Slaidi nyeupe, manjano. Uso wa waziri kwenye slaidi ya kwanza, manjano. Nyeupe ni rangi tatu zikiwa pamoja. Ukiiondoa buluu zinabaki nyekundu na kijani, na mwanga wa hizo mbili ukichanganyika ni manjano. Nikachomoa kichwa cha waya wa projekta. VGA ina pini 15 katika safu tatu, na rangi zinakaa safu ya kwanza: pini ya 1 nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 buluu. Pini ya 3 ilikuwa imelala ubavu, mtu alisukuma kichwa kwa nguvu bila kukilenga. Nikachukua kalamu ya wino iliyokwisha, nikang'oa ncha, nikauvisha ule mrija mtupu juu ya pini na kuinyanyua taratibu. Ukuta ukarudi mweupe. Ingekuwa nyekundu imekatika, nyeupe ingegeuka samawati yenye ukijani. Kijani ikikatika, unapata zambarau ya kung'aa. Na ukiona pini ya 9 haipo kabisa, usiitafute chini ya meza. Nyaya nyingi hutengenezwa bila hiyo.

Chogo lilipoanza kutoweka, VGA ikabaki na tatizo la kuchekesha. Skrini bapa haina mwale. Ina gridi ya pikseli, na kila pikseli inataka namba. Kompyuta nayo inafikiri kwa namba. Lakini waya katikati yao unajua volti tu. Kwa hiyo kompyuta inageuza namba kuwa volti, skrini inazigeuza volti kuwa namba tena, na kila kugeuza kunapoteza kidogo. Ndiyo maana maandishi madogo kwenye skrini bapa iliyounganishwa kwa VGA yana ukungu pembeni.

Aina nyingine ya waya, DVI ya mwaka 1999, ilikuja kukata mzunguko huo: tuma namba zenyewe. Hiyo ndiyo dijitali. Sitakaa sana hapa, maana kichwa chake kikubwa cheupe kimebaki kwenye makabati. Itoshe kusema kwamba DVI ilikuwa na sura tatu zinazofanana, moja ya dijitali tu, moja ya analojia tu, na moja iliyobeba zote mbili, na watu wengi walinunua adapta ya bei poa ya DVI kwenda VGA wakaichomeka kwenye kompyuta yenye tundu la dijitali tu. Waliobahatika, haikuingia. Wasiobahatika, iliingia.

HDMI ndiyo iliyoshinda. Toleo la kwanza lilitoka Desemba 2002, likisukumwa na makampuni ya televisheni kama Sony, Panasonic, Philips na Toshiba, pamoja na Silicon Image, kampuni ya chipu iliyokuwa pia katika kundi lililotengeneza DVI. Kwa hiyo lugha ya HDMI ya mwanzo ni lugha ya DVI. Adapta ya DVI kwenda HDMI haina akili yoyote ndani, ni pini zimepangwa upya tu, na inafanya kazi. Umbo tofauti, lugha moja.

Lakini DVI haikuwa na sauti, na televisheni bila sauti ni picha ya ukutani. Wangeweza kuongeza nyaya. Badala yake walitazama kile kimya. DVI, ingawa ni ya dijitali, ilikuwa imerithi mpangilio wa zamani pamoja na mapumziko yake yote, kana kwamba bado kuna mwale unaohitaji kurudi juu. HDMI ikaingiza sauti humo. Unapotazama mpira kwenye televisheni bapa ukamsikia mtangazaji anapaza sauti, sauti hiyo imesafiri katika nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mwale ambao haupo tena. Nimefanya kazi hii miaka mingi na jambo hili bado linanifurahisha.

Turudi kwenye waya wa mama. Upande mmoja namba, upande mwingine volti, katikati hakuna wa kutafsiri. Tanzania tuliwahi kufundishwa somo hili taifa zima. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya televisheni ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza, na hakuna aliyefikiri kwamba atabadilisha waya wa antena televisheni yake ya chogo ipone. Tulijua kinachotakiwa ni king'amuzi. Basi adapta ya kweli ya HDMI kwenda VGA ni king'amuzi kidogo: ndani ina chipu inayopokea namba na kutoa volti, na chipu hiyo inakula umeme, kawaida volti 5 zinazotoka kwenye pini ya 18 ya HDMI yenyewe. Utaitambua kwa kuwa mahali fulani ina uvimbe, kwenye kichwa au katikati ya waya, na ikifanya kazi uvimbe huo unakuwa na joto la mkono. Waya wa mama ulikuwa mwembamba kama kamba ya viatu mwanzo hadi mwisho. Nyaya za namna hiyo bado zinauzwa, kwa sababu zinaingia.

Nilitoa king'amuzi changu droweni, nikachomeka, na ndipo tulipoiona ile manjano.

Kabla picha haijatokea, kuna maongezi yanapita ambayo hatuyaoni. Kompyuta hupiga hodi kwenye skrini, na skrini hujibu kwa kijikaratasi cha baiti 128: nimetengenezwa na fulani, mwaka fulani, kioo changu kina upana huu, nakubali pikseli hizi na hizi. Utaratibu huo ulianza katikati ya miaka ya 1990, na kwenye VGA unapita kwenye pini ya 12 na ya 15. Moja ikikatika, picha inakuja, lakini kompyuta haijui inaongea na nani. Inakisia. Unapata maandishi makubwa yaliyovutwa, wewe unailaumu projekta. Kwenye HDMI maongezi yanaweza kuwa na kipengele cha pili, ulinzi wa haki za filamu, ambapo vifaa viwili huonyeshana funguo za siri kabla filamu haijaruhusiwa kupita. Ndiyo sababu slaidi zako zinaonekana vizuri kupitia king'amuzi cha VGA lakini filamu ya kulipia inagoma au inakuja nyeusi: VGA haina mahali pa kuonyesha funguo.

Kuhusu kasi, hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapotelea. Skrini ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila moja inahitaji biti 24 za rangi (biti ni sifuri au moja), na picha inachorwa upya mara 60 kwa sekunde. Zidisha: karibu gigabiti 3, yaani biti bilioni 3, kila sekunde. Skrini ya 4K ina pikseli mara nne zaidi, kwa hiyo karibu 12. Toleo la HDMI 1.4 la mwaka 2009 linatangazwa kwa gigabiti 10.2, lakini kila biti 8 za picha husafirishwa kama biti 10, hivyo zinazobaki kwa picha ni 8.16. Haitoshi kwa 4K mara 60. Inatosha kwa mara 30, na hapo ndipo mtu ananunua skrini kubwa ya 4K, anaiunganisha na kompyuta yake ya miaka kumi, picha inapendeza kama kalenda, halafu anasogeza kipanya na mshale unamfuata nyuma kama mtoto aliyelazimishwa kwenda dukani. Skrini nzima. Kompyuta nzima. Wanaonana mara 30 kwa sekunde tu.

HDMI 2.0 ya mwaka 2013 ilipandisha hadi gigabiti 18, yaani 14.4 za picha. Utasema 12 zinaingia kwenye 14.4 na nafasi inabaki. Haibaki. Kile kimya cha mwale nacho kinalipa nauli: ukihesabu pikseli za mapumziko pamoja na zile zinazoonekana, 4K mara 60 inakula takriban 14.3. Inapita ikijikuna mabega. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 ndiyo iliyofungua barabara, gigabiti 48, lakini sifa zake nyingi ni za hiari, kwa hiyo skrini inaweza kuandikwa 2.1 kihalali bila kubeba hizo 48. Namba ya toleo kwenye boksi haitoshi kukuambia kitu. Tafuta sentensi inayotaja pikseli ngapi na mara ngapi kwa sekunde.

Waya nao haununuliwi kwa toleo, unanunuliwa kwa daraja. Maandishi ya kuangalia ni "High Speed" kwa kazi za kawaida, "Premium High Speed" kwa 4K mara 60, na "Ultra High Speed" kwa gigabiti 48. Dhahabu kwenye ncha inasaidia pini zisipate kutu, jambo zuri kwa tunaoishi karibu na bahari, lakini haiongezi rangi hata moja. Namba ikifika, imefika. Waya wa dijitali ukizidiwa hauleti ukungu kama VGA. Unaleta vimeta vyeupe vinavyorukaruka, halafu skrini inazimika na kurudi, halafu giza. Mara nyingi kosa ni urefu. Waya wa mita mbili unaofanya kazi vizuri sebuleni hauna ndugu wa mita 15 wa ukumbini mwenye uwezo uleule kwa bei uliyoizoea.

Wakati watu wa televisheni wana HDMI yao, watu wa kompyuta walitengeneza DisplayPort, kupitia chama chao cha VESA, mwaka 2006. Kwa macho ni kama HDMI iliyokatwa kona moja, ina pini 20, na vichwa vyake vingi vina kidude cha kubonyeza ambacho ukisahau kukibonyeza unang'oa tundu. Ndani ni kitu kingine kabisa. HDMI ya mwanzo hutiririsha picha kwa kufuata saa, kama chogo lilivyotaka. DisplayPort hukata picha vipandevipande na kuvifunga kama mizigo ya basi, kila kifurushi kikiwa na maelezo yake, basi linaondoka likiwa na kasi yake lenyewe na mizigo inapangwa upya ikifika. Kwa sababu hiyo waya mmoja unaweza kubeba mizigo ya skrini mbili au tatu, tangu toleo 1.2. Binafsi naona ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote, na ndiyo ambayo wateja wangu hawaijui.

DisplayPort pia ndiyo imezaa mtego ninaoulizwa mara nyingi zaidi. Kompyuta nyingi zenye tundu hilo zinajua lugha mbili. Ukichomeka adapta nyepesi ya kwenda HDMI, tundu linaigundua na kuanza kuongea kiHDMI. Adapta yenyewe haijatafsiri chochote, imerekebisha volti tu. Aliyebadilisha lugha ni kompyuta. Sasa geuza: una kompyuta yenye HDMI na skrini yenye DisplayPort. Unachukua adapta ileile, unaizungusha, vichwa vinaingia vyote viwili. Kimya. Skrini haina lugha ya pili, na tundu la HDMI la kompyuta halijui kufunga mizigo. Kwa upande huo lazima adapta yenye chipu na umeme wake, na bei yake utaisikia. Kwa hiyo ukienda dukani usiseme unataka adapta ya HDMI na DisplayPort. Sema inatoka wapi kwenda wapi.

Semina ilipofika mapumziko ya chai, mama alinijia na waya mweupe wa kuchajia simu.

"Fundi, na huu? Kompyuta ina tundu kama la simu. Hotelini kuna skrini yenye tundu hilihili."

USB-C, ya mwaka 2014, ndiyo imeufikisha utengano wa umbo na lugha mwisho wake. Kichwa ni kimoja, kinaingia juu chini au chini juu, pini 24. Ndani ya tundu hilo kunaweza kupita umeme wa kuchaji peke yake, au faili za kawaida, au picha ya DisplayPort, au vyote pamoja. Kwa nje vinafanana kama mapacha. Katikati ya pini hizo kuna jozi nne za kasi, na picha inaazima mbili au zote nne. Ikiazima mbili, kwa lugha ya DisplayPort 1.2, zinabaki gigabiti 8.64 za picha, na sasa unajua kwa nini vile vidude vya bei nafuu vyenye matundu mengi vinaandikwa 4K lakini kwa herufi ndogo wanaongeza 30. Ikiazima zote nne, picha inatiririka, ila flashi uliyochomeka kwenye kidude hichohicho inabaki na kasi ya USB ya zamani.

Nilimwomba mama ule waya mweupe. Mwembamba, laini, umetoka kwenye boksi la simu. Nyaya nyingi za namna hiyo zina umeme wa kutosha na nyaya mbili za faili. Jozi za kasi hazimo. Hakuna kilichoharibika, hazikuwekwa. Tundu la kompyuta nalo lazima liwe na uwezo wa picha: tafuta alama ndogo ya herufi D iliyobeba P tumboni, au radi. Ukikosa alama bado si jibu la mwisho, baadhi ya watengenezaji hawaziweki, ndipo unaposoma maelezo ya kompyuta kwa jina lake kamili.

"Kwa hiyo huu wa simu ni wa kuchajia."

"Ni wa kuchajia, mama."

Desemba 2010 Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG walitangaza kwa pamoja kwamba VGA ingeondolewa kwenye kompyuta kufikia 2015. Kwenye kompyuta mpya nyingi imeondoka kweli. Kwenye kumbi zetu projekta inaning'inia darini hadi taa yake ife, na taa ikifa inabadilishwa.

Wiki iliyofuata nilipita kwenye mtaa ambao mama alinunulia waya wake, nikaomba waya wa HDMI kwenda VGA. Kijana aliniwekea mitatu juu ya kaunta. Nikamuuliza upi una chipu. Aliigeuza paketi moja, akaisoma mbele na nyuma, akaigeuza tena.

"Kaka, hapa hawajaandika. Ila inaingia."